Kionjo chenye Mafundo Mawili

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi nina wivu. Si wivu wa mapenzi, huo niliumaliza pamoja na ndoa yangu. Nina wivu wa kiti. Kiko chumba cha mbele cha nyumba yetu, dirishani, kina mto wa buluu uliobonyea katikati, na kwa miaka arobaini mama yangu amekikalia akifuma masweta. Wateja wanaingia, wanasimama mbele yake, wananyoosha mikono wapimwe. Anayekaa pale ndiye fundi. Sisi wengine ni wasaidizi.

Changu mimi ni kile cha mlangoni, cha mbao, kisicho na mto. Nimekikalia miaka tisa, tangu siku niliyorudi nyumbani na sanduku moja, mama akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Ingia, kuna kola za kumalizia." Hakuuliza kitu. Nikaingia, nikamaliza kola.

Baadaye mikono ya mama ikaanza kumgomea. Vidole vilivimba kwenye maungo, macho yakaingia ukungu, akawa anatambua watu kwa sauti na nguo kwa kugusa. Nikajua siku zangu za kuhamia dirishani zimekaribia. Nani mwingine? Kaka yangu ni fundi friji, sindano anayoijua ni ile ya hospitali. Nilikuwa nimeshachagua hata kitambaa cha kuvalisha ule mto upya.

Ndipo kaka akaoa.

Wifi yangu alipoingia nyumba hii hakujua hata sindano inashikwaje. Aliishika kama mtu anayekoroga uji. Na mama akacheka! Mama huyu huyu niliyekuwa nikimjua mimi. Nilipokuwa na miaka kumi nilirudia kosa moja mara tatu, akanipiga vidoleni kwa rula ya mbao, rula ikakatika. Hakuitupa. Alikichonga kipande kimoja kikawa sentimita kumi kamili, na tangu hapo ndicho anachopimia kazi. Kila sweta lililotoka nyumba hii limepimwa kwa kitu kilichovunjikia vidoleni mwangu. Wifi hakupigwa. Wifi akikosea anaambiwa, "Pole, mwanangu, fumua uanze tena." Mwanangu! Mimi niliyetoka tumboni mwake naitwa "wewe."

Na ubaya wa wifi ni kwamba hana ubaya. Angekuwa mchoyo, mvivu, mwenye mdomo, ningepumzika. Kila asubuhi ananiletea chai kwenye kikombe changu na anakumbuka sukari yangu: vijiko viwili na nusu. Mume niliyeishi naye miaka sita hakuwahi kuikumbuka ile nusu. Hiyo nusu ilinikera kuliko matusi.

Jumapili moja mama alituita chumba cha mbele, mimi, kaka na wifi. Alikuwa amejifunga shuka mabegani.

"Nimefumia mji mzima," alisema, "na mimi mwenyewe baridi inanitoboa. Nataka sweta langu. Moja tu, la mwisho kutoka kwenye sufu ile ya kijivu niliyoiweka. Atakayenifumia ndiye atakayekaa hapa." Akakipiga kiti kwenye mkono wake. "Nileteeni vionjo."

Kionjo ni kipande cha mraba unachofuma kabla hujaanza sweta lenyewe, kwa uzi ule ule na sindano zile zile. Unakifua, unakianika, kikishakauka unahesabu vitanzi vingapi vimeingia katika sentimita kumi. Mikono ya watu haifanani. Mmoja anakaza, mwingine analegeza, na ukichukua hesabu ya mmoja ukampa mwingine umeharibu sufu yote. Watu wa haraka wanaruka hatua hiyo. Katika nyumba yetu hairukwi, hata kama mteja amesimama mlangoni na nauli mkononi. Mama ndiye aliyekipa jina, kwa sababu anasema anauonja mkono wa mtu kabla hajapakua.

"Kila mmoja kimoja, kitoshe kufunika sahani ya kikombe," alisema. "Sufu ni moja na rangi ni moja, kwa hiyo mfunge uzi pembeni nivitofautishe kwa vidole. Wewe fundo moja. Mwanangu mafundo mawili."

Hata mafundo kazidishiwa, nikasema moyoni.

Nilikifuma kile kionjo kwa hasira, sifichi. Kila kitanzi nilikivuta kana kwamba kimenitukana. Wifi alikaa uani, miguu kainyoosha, anaimba kwa puani, sindano zinateleza zenyewe. Ijumaa tulivifua kwenye beseni moja, tukavilaza juu ya taulo moja kwenye meza ya uani vikauke.

Jumamosi mchana wifi alitoka kwenda kununua sabuni. Mama alikuwa amelala. Nikaenda kuvitazama.

Cha kwangu kilikuwa kimekakamaa. Ungeweza kukisimamisha. Cha wifi kilikuwa kimelala laini, kimetulia, unakigusa na mkono hautaki kuondoka. Katika miaka yote aliyonifundisha, mama alikuwa na wimbo mmoja tu kwangu: "Legeza mkono, wewe. Legeza!" Asubuhi legeza, jioni legeza. Na hapo mezani palikuwa na mkono uliolegea wenyewe, bila kupigwa rula. Nikaona kiti kinaondoka. Nikaona wateja wananyoosha mikono mbele ya wifi, na mimi mlangoni namalizia kola mpaka nife.

Nikaufungua uzi wenye fundo moja, nikaupeleka kwenye kionjo cha wifi. Nikauchukua wenye mafundo mawili, nikauweka kwenye changu. Dakika haikuisha. Kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni iliyobaki.

Wifi aliporudi niliogopa atakitambua cha kwake. Alivichukua vyote viwili akavigeuza, akashika chenye fundo moja akakiweka shavuni.

"Jamani wifi, cha kwako! Tazama kilivyolala! Mimi changu kimekuwa kigumu, sijui nilikaza saa ngapi."

Alikuwa anausifia mkono wake mwenyewe, masikini, na mimi nikaitikia, "Ni mazoea tu, wifi." Sina haya. Naisimulia kama ilivyokuwa.

Jumapili baada ya kula tukakaa tena. Mama alianza na kile laini, chenye fundo moja. Alikipapasa, akakikunja, akakiweka mapajani. Akashika cha pili. Vidole vilianza kutembea juu yake, halafu vikasimama. Vikasimama muda mrefu. Akainua uso upande wangu, nikadhani anafuata mwanga wa mlangoni.

"Hiki," alisema. "Hiki kimekaza. Upepo haupiti, viwiko havitavutika, nitakivaa mpaka nizikwe nacho. Mwenye mkono huu ndiye atakayekaa kiti changu. Ni cha nani?"

Niliinuka nusu kwenye kiti changu.

"Kina mafundo mawili, mama," kaka alisema akitabasamu. "Si cha mke wangu hicho?"

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenyewe."

Akangoja. Kionjo changu kiko mkononi mwake, kazi ya vidole vyangu, nimeshinda, nimemshinda kila mtu bila hila yoyote, na hila ndiyo iliyonifunga mdomo. Ningesema nini? Mama, ni changu, ila jana nilikuwa mwizi? Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi ya furaha yanamlengalenga. Kaka anampigapiga mgongo. Mimi nikatazama sakafu.

"Haya," alisema mama baada ya muda. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akachukua kile kipande cha rula, akakilaza juu ya kionjo, akahesabu kwa ncha ya sindano. "Ishirini na mbili. Basi mgongo vitanzi mia na kumi, na kifua mia na kumi. Anza kesho, mwanangu."

Kesho yake wifi alikaa dirishani. Aliuomba radhi ule mto kabla hajaukalia, akidhani hakuna anayemsikia. Mimi mlangoni nilikuwa nasikia kila kitu. Usiniulize roho yangu ilikuwaje. Nilijionea uchungu, nikamwonea wivu, nikaupa wivu sababu mpya: sasa amekalia hata ushindi wangu. Kwamba ni mimi niliyempa, hilo nililisukuma nyuma ya kabati.

Hesabu ni hesabu. Vitanzi mia na kumi kwa mkono wangu ni sentimita hamsini. Kwa mkono wa wifi, ule wa kuimba kwa puani, vinakwenda sitini na zaidi. Nililijua hilo tangu mstari wa kwanza. Nilikaa mlangoni nikalitazama sweta likipanuka siku baada ya siku, na nikafurahi. Nilijiambia, acha liharibike, kiti kitarudi chenyewe.

Wiki ya pili alinijia na ule mgongo umening'inia kwenye sindano.

"Wifi, hebu niangalizie. Mbona naona unanipita? Mama hana mwili huu. Au nimuulize?"

"Usimsumbue," nikasema haraka. "Mama hapendi maswali ya wanaoanza. Sufu hiyo ikishafuliwa inajikaza, itarudi. Wewe endelea."

"Kweli?"

"Wifi, mimi nimezaliwa humu."

Ulikuwa uongo mtupu. Sufu ile ikifuliwa hulegea zaidi, na nimelijua hilo tangu sijaota meno ya utu uzima. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Akanishukuru, akarudi dirishani, na kesho yake chai ikaja na vijiko vyake viwili na nusu.

Mama naye alikuwa na lake. Karibu kila siku, nikimpaka dawa ya vidole, alikuwa ananiuliza, "Wewe, kazi inaendaje?"

"Inaenda, mama."

"Na huna la kuniambia?"

"Sina."

Anarudisha mkono wake, anaufunika kwa shuka. Nikadhani ni uzee.

Wiki ya tano sweta likaisha, likafuliwa, likaanikwa. Lilichukua kamba nzima ya uani peke yake. Wifi alilizunguka mara mbili, kimya, akisubiri lijikaze. Jioni aliliingiza ndani amelikumbatia, uso umemshuka, akamvisha mama.

Mabega yalimfika mama kwenye viwiko. Mikono ilipita vidole ikaendelea na safari. Pindo lilimgusa magoti. Kaka alijitahidi, kusema kweli alijitahidi, halafu kicheko kikamponyoka.

"Mama, humo mnaenea wawili na friji."

Wifi akapiga magoti, akaanza kumkunja mama mikono ya sweta, mara moja, mara mbili, mara tatu, huku analia. "Nisamehe mama. Nilihesabu. Haki ya nani nilihesabu kila siku."

"Najua ulihesabu, mwanangu. Nyamaza." Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba ndani ya lile sweta, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. "Wewe. Chukua rula yangu, uje unipime hapa kifuani."

Nilikilaza kile kipande cha rula juu ya kifua chake, nikahesabu kimya.

"Kwa sauti."

"Kumi na nane."

Akapapasa mpaka kwenye kiti chake, akaingiza mkono chini ya mto wa buluu, akatoa kionjo. Mafundo mawili bado yananing'inia pembeni. "Na hiki?"

Sikuhitaji kuhesabu. "Ishirini na mbili."

"Nani katika nyumba hii ana mkono wa ishirini na mbili?"

Kaka aliacha kucheka. Wifi alikuwa bado kapiga magoti, mkono mmoja umeshika pindo la sweta, ananitazama kutoka chini.

"Kilichoharibika ni macho, si vidole," alisema mama. "Huo mkono niliufundisha mimi. Siku ile nilipokigusa tu niliujua. Nikashangaa kwa nini una mafundo ya mwenzako, halafu nikaelewa. Nikasema, basi, nitampa nafasi aseme mwenyewe. Nikakupa kiti mbele ya ndugu yako na mke wake. Nikauliza ni cha nani. Nikangoja. Nimekungoja wiki tano, kila siku unanishika hivi vidole na unaniambia huna la kusema."

"Mama..." Nilitafuta maneno nikapata moja tu la kijinga, la kitoto, lililokuwa limenikaa kooni miaka thelathini. "Mbona ulikuwa unaniambia nilegeze? Nilidhani huupendi mkono wangu. Nilidhani unataka kama wa wifi."

Mama aliivuta juu mikono ya lile sweta, akatoa vidole vyake nje nivione, vile vilivyovimba na kupinda kila kimoja upande wake.

"Na mimi nilikuwa ishirini na mbili," alisema. "Nilikaza maisha yangu yote. Nilikuwa nakuambia ulegeze ili yasikufike haya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Ulichaguliwa, mwanangu," alisema. "Ukakataa."

Basi ndivyo nilivyolipata lile neno nililokuwa namwonea wifi wivu kwa ajili yake. Nililisikia vizuri sana.

Wifi alisimama polepole. Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. Hakupiga kelele, na ningempa chochote apige.

"Wifi, na siku ile nilipokuuliza kama ni pana? Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia niendelee."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitegemea, akaenda jikoni. Kaka akamfuata. Alipopita karibu yangu hakunigusa bega kama anavyofanya siku zote.

Nilimwambia mama anitoe kwenye kazi, nitafute chumba mahali, nitaondoka. Akasema hakuna anayeondoka, kuna sufu ya kufumua. Kuhusu kiti akasema alishakitoa mara moja na hakitoi mara mbili. Kimebaki kwa aliyekikalia kwa haki, maana alifanya kazi aliyoambiwa afanye.

Kesho yake asubuhi tukalifumua. Wifi alikaa dirishani akivuta, mimi nikakaa mbele yake kwenye kigoda, nimenyoosha mikono kama mteja anayepimwa, sufu ya kijivu inazunguka viganja vyangu mpaka vikafa ganzi. Wiki tano za kazi ziliisha kabla ya saa sita. Hatukusemeshana ila "vuta" na "subiri."

Halafu akafuma kionjo kipya, chake kweli. Tukakifua, kikakauka, akafunga uzi pembeni, mafundo mawili. Mama akaagiza nikihesabu mimi. Nikalaza rula. Na nikuambie ukweli, hata pale, hata baada ya yote yale, kijicho kilinigusa bega: sema ishirini na moja, sema kumi na tisa, nani atajua? Kilikuwa kizuri mno kile kionjo.

"Kumi na nane," nikasema.

"Una hakika?" aliuliza mama kutoka kitandani, mlango uko wazi.

Nikahesabu tena, kwa sauti, kitanzi kimoja kimoja, chumba kizima kikisikia, na nilipofika cha kumi na nane nikanyamaza. Wifi akaiandika namba kwenye daftari lake, akaenda kukaa kwenye ule mto wa buluu, akaanza kuhesabu vitanzi vya mgongo.

Nikarudi mlangoni kwenye kiti changu. Chai yangu ilikuwa juu ya kabati, kwenye kikombe changu, bado ya moto. Nikaionja. Ilikuwa na vijiko viwili vya sukari. Nikainywa hivyo hivyo.